Mara ya Tatu Jikoni

Mara ya tatu sasa Adrisi anaelekea jikoni, na Hasifa si mjinga.

Mume gani huyu, mwenyekiti wa harambee, anawaacha wageni chini ya turubai akamtazame mpishi? Tena mpishi mwenyewe Bushira, mjane mwenye kicheko cha kusikika mtaa mzima wa Nalufenya! Dalili zilikuwepo. Kila wiki Adrisi alikwenda Mbale, eti kuipalilia miti ya kikundi, akarudi na shati jipya. Na Bushira kwao ni wapi? Mbale! Hasifa akiomba kufuatana naye, jibu lilikuwa lile lile.

"Njia mbaya, Mama Jaliah. Mvua."

Mwaka mzima, mvua tu.

Jana alileta pikapu ya kuni, mchango wake kwa pilau ya leo. "Wewe keti na wageni," akamwambia. "Mwenye shughuli hashiki mwiko."

Basi Hasifa aliketi. Alipoitwa kusema, akasema. Akaeleza jinsi mlima ulivyoporomoka kule Wanale, Mbale, ukamfunika binti yake Jaliah, aliyekuwa kwa bibi yake likizo. Jinsi wafiwa walivyounda kikundi wakapanda pale pale mti kwa kila aliyekufa, wakaufungia kwa waya kibati chenye jina, mizizi ishike udongo. Leo wanawachangia vijana wa kujitolea, wanaozunguka vijijini na maofisini kutetea misitu na mvua zetu. Watu wakalia, kisha wakaingiza mikono mifukoni.

Hasifa akageuka kumtafuta mumewe. Kiti kitupu.

"Wallahi leo nawafumania," akanong'ona, akavua viatu.

Nyuma ya nyumba hapakuwa na kicheko. Bushira alikuwa amesimama mbali na sufuria, kaziba mdomo kwa kanga.

"Bwana, mwambie tu," alikuwa akisema. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

Adrisi alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, kisu mkononi, akihangaika kung'oa kitu kwenye gogo lililoanza kushika moto. Waya ulikuwa umezama ndani ya gome.

Hasifa akamsukuma kando, akalivuta gogo. Kibati kilikuwa cha moto. Akakishika hivyo hivyo. Hakuhitaji hata kupangusa masizi. Herufi zile alizitoboa mwenyewe kwa msumari, moja moja: J, A, L, I, A, H.