Uji wa Kitanda cha Dirishani

Chai ya moto ilimwagikia vidole vya Thoa, naye hakushtuka. Nết ndiye aliyeruka kutoka mkekani, akavifuta na kuvipuliza kimoja kimoja mpaka akafikia kile cheusi. Hicho alikipuliza zaidi.

Kutoka kitanda cha pili Bi Lựu aliyaona yote. Alikuwa amelazwa jana yake kwa ajili ya magoti, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Nết alikuwa na mvi kichwa kizima, na uso uliokunjwakunjwa na jua la mashamba ya maua ya Đà Lạt. Thoa alilala kama sanamu: mashavu laini, paji la uso halina mstari, mdomo mdogo usiocheka wala kununa. Jioni Nết alimchana, kisha akampaka rangi nyeusi kwenye mizizi ya nywele.

"Urembo mpaka hospitalini!" Bi Lựu alimnong'oneza muuguzi.

"Mwache, bibi. Baridi yabisi yake imeingia kwenye ngozi. Inamkaza mwili mzima, hata damu haifiki vidoleni."

"Basi ije inikaze na mimi haya mashavu!"

Muuguzi alicheka, akamfunika miguu vizuri.

Asubuhi Nết alishuka getini kupanga foleni ya uji wa sadaka. Bi Lựu akaona nafasi ndiyo hiyo. Hakuwa na roho mbaya. Jana yake tu alikuwa amemgawia Nết nusu ya chungwa lake.

"Wewe binti," alisema, "unalishwa kama kinda. Humwonei huruma mama yule? Mtazame alivyochakaa. Ni wewe umemzeesha."

Thoa alimgeuzia macho tu. Uso haukusogea. Jiwe hili, Bi Lựu akajisemea.

Nết alirudi na bakuli likifuka mvuke. Akachota, akapoza, akapeleka kijiko. Thoa hakukipokea.

"Wewe umekula?" Thoa aliuliza. Kila mlo aliuliza hivyo hivyo.

"Nitakula. Kijiko kimoja tu. Daktari anataka upate nguvu, wakitoe kidole kabla hakijauozesha mkono."

"Sikatwi. Nirudishe nyumbani. Nimekuchosha."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Bi Lựu akainama kutafuta kandambili zake, ambazo alikuwa amezivaa.

Nết hakupandisha sauti. Alilifunika bakuli kwa sahani, akaliweka dirishani.

"Haya. Usipokubali, na mimi sili. Tuone nani atashindwa kwanza."

Uji ukapoa, ukaganda. Mchana Bi Lựu alisogeza ndizi mbivu. Nết aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kando ya bakuli. Nje mvua ilinyesha ikaacha.

Alasiri usingizi ulimchukua Nết pale pale alipokaa, kichwa chenye mvi kikiwa kimelala ukingoni mwa kitanda. Tumbo lake lilinguruma hata Bi Lựu akalisikia.

Thoa alilisikia pia. Alikitoa kiganja kwenye soksi ya sufu aliyovishwa mkononi, akakiweka juu ya zile mvi. Vidole havikuhisi nywele. Alizipapasa hivyo hivyo, taratibu, kama mtu anayepapasa gizani.

Sasa ndiyo unamkumbuka, Bi Lựu aliwaza, akageukia ukuta.

Daktari aliingia, akasimama mbele ya kitanda cha dirishani. Alikuwa amechoka kumbembeleza mgonjwa huyu.

"Leo nataka jibu, Thoa. Kitoke kidole, au tungoje uende mkono mzima?"

Bi Lựu akageuka tena kusikiliza.

"Kateni," alisema Thoa, mdomo ukifunguka kwa shida. "Lakini shusha sauti, daktari. Mwanangu kalala. Akiamka ale kwanza. Tangu nimzae hawezi njaa."