Kichupa cha Mzima

Kichupa cha mzima kiling'aa.

Fundi wa maabara alikitoa kwenye mashine, akakipangusa, akakirudisha. Kikang'aa tena, kijani, sawasawa na vichupa vya wagonjwa vilivyopangwa pembeni yake. Alijikuta ameketi kwenye stuli na hakumbuki aliivuta saa ngapi.

Kazi ya maabara ile ilikuwa moja: kuchunguza protini ya damu inayojikunja vibaya. Kwa mtu mwenye afya protini hiyo hukaa imekunjwa vizuri, kama shuka kabatini. Kwa aliyerithi ugonjwa inakunjuka, inajikunja ovyo, kisha inazishika nyingine na kuzifundisha uovyo huohuo, mpaka zinaungana kuwa nyuzi ngumu ambazo mwili hauwezi kuziyeyusha. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nyuzi zikiwepo, rangi inayotiwa kichupani hung'aa. Zisipokuwepo, ni giza.

Kichupa cha mzima kiliwekwa ili kiwe giza. Kilikuwa cha kulinganishia tu, na damu yake waliitoa wafanyakazi wenyewe kwa zamu. Safari hii zamu ilikuwa ya fundi. Vichupa viliandikwa namba na orodha ya zamu ilikaa kwa nesi, kwa hiyo wenzake hawakujua ni damu ya nani. Yeye alijua.

"Uchafu huo," alisema mkuu wa maabara, ambaye nyuma ya mgongo wake walimwita Bwana Sabuni. "Kuna aliyegusa cha mgonjwa kisha akagusa hiki. Uzi mmoja unatosha kuharibu vyote. Osheni kila kitu, tuanze upya."

Wakaosha mpaka mikono ikachunika. Fundi akayeyusha damu iliyobaki kwenye friza, akaandaa kichupa kingine kwa vifaa vipya, huku akiomba kimyakimya. Kiling'aa mapema kuliko cha kwanza.

"Basi si uchafu," alisema Bwana Sabuni, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Huyu mtu itabidi nimtafute. Taratibu, tusimtishe. Huenda hajaanza kuhisi kitu."

Fundi aliitikia kwa kichwa.

Aliujua ugonjwa ule kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake. Huanzia kwenye ncha za vidole na nyayo, zinakufa ganzi. Vifungo vya shati vinakuwa kazi ya kutwa. Kisha tumbo, kisha moyo. Na mzazi akiwa nao, kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi.

Yeye alikuwa na binti mmoja, anayejifunza kufunga kamba za viatu. Jioni ile alimtazama akihangaika nazo, vidole vikipishana, kamba zikichomoka, mpaka machozi yakamtoka yeye mama.

"Mama, unalia nini?"

"Kitunguu."

"Kiko wapi?"

Alimfunga viatu mwenyewe, akaenda chooni kujifinya vidole. Viliuma. Hakuviamini. Alijifinya tena kwenye basi, akajifinya jikoni, na mumewe alipomuuliza ana nini akasema muwasho. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo alizoea kuwatolea wengine, na sasa ilimrudia mwenyewe. Aliogopa, basi. Aliogopa kufa, na zaidi aliogopa kuwa ameshampa mwanawe kifo hicho.

Akaamua kutoa damu nyingine na kuipima mwenyewe, kabla Bwana Sabuni hajamfikia.

Chumba cha nesi kilikuwa mwisho wa korido. Nesi mwenyewe, mwanamke mnene wa kicheko, jengo zima lilimwita Shangazi. Ukutani alikuwa na picha ya wanawe wanne wamepangwa kwa urefu, na watu walikwenda kwake hata wasipoumwa.

"Umekuja kuzimia tena?" aliuliza bila kunyanyuka. "Nitandike godoro kabisa?"

Ni kweli, mara ile alipokuja kutoa damu ya zamu alizimia. Sindano ilipogusa ngozi aliona nyota, na alipozinduka alikuwa kitandani, miguu juu ya mto, plasta mkononi, kichupa kimeshajaa mezani.

"Chukua tena, Shangazi. Chukua nyingi."

"Mbona unatetemeka?"

"Baridi tu."

Nesi akamfunga mpira mkononi. Ukamponyoka, akaufunga upya. Akaangusha pamba, kisha akapigana na kifuniko cha sindano kwa muda.

"Vidole vyangu siku hizi kama vya kuazima," alisema akicheka. "Ukiolewa na mtu anayekoroma hulali, na usipolala hata mikono inasinzia."

Fundi hakuwa akisikia. Hakugeuza uso safari hii. Aliitazama sindano ikiingia, akaitazama damu yake ikipanda, nyekundu nzito, damu kama ya mtu yeyote. Hofu ya sindano aliyokuwa nayo tangu utoto hakuiona popote. Ilikuwa imemezwa na kubwa zaidi.

"Hongera, leo umekua," nesi alisema akimbandika plasta. "Basi sasa naweza kukuambia. Ningekuambia siku ile, wangekutania mpaka ustaafu."

"Kuniambia nini?"

"Mara ile sikupata hata tone. Wewe umelala pale kama gogo, Bwana Sabuni anapiga simu damu iko wapi. Nikaona aibu hiyo nikufichie." Nesi alipandisha mkono wa sare yake, akaupapasa kwa fahari mshipa mnene wa kwenye kiwiko. "Nikajidunga mwenyewe. Na damu safi hiyo, mwanangu. Tangu nizaliwe sijaumwa hata kichwa."