Chini ya Ulimi

Wageni wa posa walifika mapema, kabla Ngwale hajameza kidonge chake. Alifurahi moyoni. Leo, alijiambia, binti yake Tulizo hatathubutu kumletea dawa ya kuacha pombe mbele ya wakwe watarajiwa.

Lakini Tulizo aliingia sebuleni na sinia la chai, akapiga goti kuwaamkia wageni, kisha akamwekea baba yake bilauri ya maji na kisosi chenye kidonge kimoja cheupe.

"Unaumwa, mzee mwenzangu?" aliuliza mshenga, Mzee Lupembe.

"Presha tu," alisema Ngwale. Uso ulimwaka moto.

"Pole. Hata mimi ninayo."

Tulizo alisimama palepale, sinia tupu kifuani, kama alivyosimama kila asubuhi tangu alipokuta vidonge vilivyotemwa chini ya mto wa baba yake.

Ngwale alikitupa kidonge kinywani, akayanywa maji yote haraka ili binti aondoke na mazungumzo yaendelee. Kisha, kwa mazoea tu, akamgeuzia uso, akaachama na kuinua ulimi.

Kikombe cha Mzee Lupembe kiliishia hewani. Mtu wa presha hakaguliwi chini ya ulimi.

Tulizo aliinama, akatazama kulia, akatazama kushoto, bila haraka.

"Asante, baba," alisema.

Ngwale alibaki vilevile, mdomo wazi, maana akiufunga itabidi ageuke awatazame wageni.