Sinki la Pili

Fundi bomba alipiga magoti jikoni, akauliza sinki la pili ni la kazi gani.

"La kuoshea mboga," alijibu mwanamke aliyemwita. Hakusema kwamba anaona kinyaa kutumia sinki moja na mama mkwe wake, mwenye ukurutu mikononi.

Mama mkwe akatokea mlangoni, uso umechanua. "Fundi, lishushe kidogo, nioshe mboga nimekaa. Mkwe wangu ameona miguu hainibebi, wala sikumwambia!"

Akamshika mkwewe mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kimebabuka, chenye joto.

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Mkwe akaona aibu. Hakuweza kumtazama usoni.

"Sasa mama, nishushe?" fundi akamuuliza mkwe.

"Shusha," alisema kwa sauti ndogo, na mkono hakuutoa.