Kinachobaki Mkononi

Cheche alisimama nje ya mlango wa mdogo wake, akafuta vumbi kwenye viatu alivyoazima kwa jirani, kisha akajaribu kutabasamu, mara ya kwanza, ya pili, mpaka uso ukakubali. Ndipo akabisha hodi.

"Kaka! Karibu ndani. Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Mezani palikuwa na karatasi ya wakala anayewatafutia mafundi kazi. Cheche aliitambua kabla hata hajakaa. Mwaka uliopita yeye naye aliletewa kama hiyo, rangi zile zile, na chini kabisa makadirio kwa herufi nene: Kinachobaki mkononi mwako. Kwa ajili ya mstari huo aliaga karakana ya milango ya chuma, walikochomelea bega kwa bega yeye na mdogo wake, akawa fundi wa kujitegemea.

Karatasi haikusema kwamba kodi bado haijakatwa. Haikusema kwamba mashine, vijiti vya kuchomelea na bima ni juu yako, wala kwamba mvua ikishinda wiki nzima, wiki nzima hulipwi. Mkewe alisharudi kwao na watoto. Jino lilikuwa likimuuma siku nyingi. Alilizoea kama mpangaji sugu asiyelipa wala kuhama.

"Shemeji," alisema mke wa mdogo wake, mkono juu ya tumbo, "mimi hesabu hii inanitia wasiwasi. Karakana mshahara ni mdogo, sawa, lakini hospitali wanatulipia. Na mimi siku zangu ndizo hizi. Wewe umeshaingia, tuambie. Hiki kilichoandikwa hapa ndicho unachokipata?"

Cheche akamtazama mdogo wake. Yeye ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimfundisha kuchomelea hata ndevu hajaota.

"Barua ya kuacha kazi umeshaandika?" akauliza.

"Iko mfukoni. Nasubiri neno lako, kaka. Ukisema niichane, naichana hapa hapa."

"Msimamizi anajua?"

"Hajui mtu."

Cheche akaitazama tena ile karatasi. Jino likampiga mpaka sikioni. Shemeji yake hakuyaondoa macho usoni pake.

"Ndicho ninachokipata," alisema. "Tena miezi mingine kinazidi."

Mdogo wake akaruka, akamkumbatia hadi kiti kikalia. "Si nilikwambia, mke wangu? Kaka atanidanganya mimi?"

Mwanamke akashusha pumzi, akacheka, akaenda kumtengea chakula. "Lakini mbona umekonda hivyo, shemeji?"

"Kazi nyingi. Nafasi ya kula naipata wapi?"

Wakacheka wote. Cheche alikula kwa upande mmoja wa mdomo, akamaliza, akaongezewa, akamaliza tena. Shemeji yake akamfungia na kingine cha kwenda nacho.

Walipotoka nje, akamshika mdogo wake bega. "Barua usiilaze. Ipeleke leo leo, moyo usije ukageuka."

"Sasa hivi, kaka. Mungu akuweke. Bila wewe ningekuwa nani?"

Kijana akashika njia, karibu akimbie. Cheche akamfuata kwa mbali, akajibanza kando ya geti la karakana. Ndani mashine zilinguruma, na harufu ya chuma kilichoungua ikamjia puani. Alisubiri mpaka alipomwona mdogo wake akitoka mikono mitupu, akipiga mluzi, akipotea kwenye kona.

Ndipo alipoingia. Msimamizi alikuwa bado ameishika ile barua.

"Mkuu," Cheche alisema, akivua kofia, "ulisema hunirudishi kazini mpaka mmoja atoke."