Dakika Kumi za Asubuhi

Mtu akiandika jina la kiwanda kwenye simu, kitu cha kwanza kutokea kilikuwa moto.

Habari yenyewe ilikuwa ya mwaka uliopita, ya gazeti moja la mtandaoni. Ilisema stoo ya vitambaa iliungua, mkata vitambaa mmoja akafia ndani, na mlango wa nyuma ulikutwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje. Bosi ndiye aliyeagiza ufungwe, kwa hofu ya kuibiwa majora. Picha ilionyesha mlango mweusi kwa masizi, kufuli likiwa zima.

Bosi hakubisha kuhusu kufuli. Alichosema ni kwamba marehemu aliacha pasi kwenye umeme, na kwamba gazeti lina chuki. Aliwaomba waiondoe habari, wakakataa. Akawatisha kwa wakili, wakamwambia karibu. Wateja wakaanza kupungua mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake.

Ndipo akamleta mtaalamu wa mitandao, mtu mzima mwenye kipara na maneno machache. Mtaalamu alisema habari ile haifutiki, ila inazikika. Akatengeneza ukurasa mpya wa kiwanda, wenye picha za mafundi wakicheka, halafu akaeleza kazi iliyobaki. Mtandao huangalia watu wanafungua nini na wanakaa nacho muda gani. Kinachosomwa sana hupanda, kisichosomwa hushuka.

"Watu ninao," bosi alisema.

Kuanzia wiki ile, kabla cherehani hazijawashwa, kila fundi alitoa simu yake. Bando alinunua bosi. Waliandika jina la kiwanda, wakafungua, wakasoma kimya dakika kumi nzima. Bosi alisimamia kutoka mlangoni, kwa sababu vumbi la pamba lilimbana kifua. Aliyepita kati ya cherehani ni msimamizi, mwanamke aliyeitwa Dada Mkubwa hata na waliomzidi umri.

Dada Mkubwa alikuwa mkali kuliko bosi mwenyewe. Fundi akiweka simu chini mapema, alimgonga bega kwa futi ya kupimia. "Dakika kumi hazijaisha." Asubuhi moja msichana wa vifungo alitokwa na machozi simu ikiwa mkononi. Dada Mkubwa akasema ni vumbi. Bosi, ambaye vumbi hilo alikuwa analijua, alimwonea huruma akamnunulia barakoa.

Watu hawakumwelewa Dada Mkubwa. Yule mkata vitambaa aliyefia stoo alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mtaani wakasema cheo kimemziba masikio. Fundi viatu wa kona alimuuliza mbele za watu kama usimamizi unalipa kuliko udugu. Lakini aliyemmaliza ni mama yake. Jioni moja alisukuma sahani aliyowekewa.

"Nimezaa wawili," mama alisema. "Mmoja kaungua. Mwingine anafagia majivu yake."

"Kula, mama."

"Chakula cha bando sili."

Tangu siku hiyo mama alijipikia mwenyewe na kulia chumbani kwake, mlango umeegeshwa. Dada Mkubwa hakujitetea. Alimjua mama yake: ukimwambia neno asubuhi, jioni linajua njia zote za mtaa.

Miezi ikapita na moto haukushuka. Bosi akampigia mtaalamu, akamfokea. Mtaalamu akajibu kwamba mambo haya yanataka subira, na watu zaidi. Bosi akaongeza wapiga pasi, wafunga mizigo, mpaka mlinzi wa geti. Moto ukabaki pale pale juu, kama mwenye nyumba.

Mwezi wa tano wa kusoma huko akaja mnunuzi kutoka hoteli kubwa, mama mmoja asiyecheka ovyo, anataka sare mia nne. Bosi aliwaambia mafundi wazi kwamba oda hiyo ikipotea geti linafungwa, na hata yeye ataenda kuuza karanga. Mafundi wakaangaliana. Dada Mkubwa akaendelea kukunja futi yake.

Mnunuzi hakuzunguka. Alisema ameuona moto kwenye simu na haupendi. Bosi akacheka, akasema hayo ni ya mahasidi, aje asubuhi ajionee. Wafanyakazi wake wenyewe husoma habari za kiwanda kila siku kabla ya kazi.

"Mtu hasomi sifa za anayemtesa," alimwambia.

Asubuhi mnunuzi alikuta simu zote ziko mikononi na ukumbi umetulia hadi feni inasikika. Bosi alibaki mlangoni, leso puani, akamwonyesha kwa mkono kama baba anayeonyesha shamba. Mnunuzi akaingia kati ya cherehani. Akasimama nyuma ya msichana wa vifungo, akainama. Akaenda kwa mpiga pasi, akainama. Alipofika kwa mlinzi wa geti hakuhitaji tena kuinama.

Kwenye kila simu palikuwa na mlango mweusi na kufuli zima.

"Mlango wa nyuma uko wapi?" mnunuzi aliuliza.

Bosi aliacha leso ikadondoka. Akaja mbio katikati ya vumbi, akachungulia simu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaanza kukohoa. Akaamuru simu ziwekwe chini. Hakuna aliyeweka.

"Dakika kumi hazijaisha, bosi," alisema Dada Mkubwa.

Ilimgharimu bosi bando la miezi mitano na oda ya sare mia nne. Iliwagharimu mafundi na wenzao kazi, wote ishirini na wanane, mlinzi wa geti akiwemo. Ilimgharimu Dada Mkubwa karibu miezi mitano ya kula peke yake.