Mtama Mtoro

Zama hizo mbegu za dukani ziliota mara moja tu. Ukipanda uzao wake, ardhi inanyamaza. Ndipo Sechelela, mkulima wa Ugogo kukavu, alipoamua kuufuga mtama mwitu, apate mbegu yake mwenyewe. Miaka sita alitandika mkeka chini ya masuke, akaokota punje zilizodondoka, akazipanda. Kila mwaka zikazidi kudondoka.

Siku moja wachimbaji wa mambo ya kale wakamwonyesha kigae chenye alama za punje.

"Tazama kitako cha kila punje kilivyochanika, mama. Hizi hazikudondoka. Zilipurwa."

Akarudi nyumbani mbio. "Baba Ndahani, mjinga mimi! Miaka yote napanda watoro, punje zinazolikimbia suke!"

"Na ugali wao nimeula," mumewe akacheka.

Tangu hapo punje za mkekani zikawa za kuku. Mbegu alizitoa kwenye masuke yaliyong'ang'ania punje zake tu. Msimu wa nne akalitikisa suke moja kwa nguvu zote. Hakikuanguka kitu.

"Tupike?" mumewe akauliza.

"Thubutu!"

Akalifunga kwenye kanga, akalipakata, akayatazama mawingu akingoja mvua ya kupandia, roho juu kama mwenye kichanga.